Wanasesere kwa Watoto Yatima: Gumzo la Kikundi cha Ukoo

Shangazi (Pasiansi): Shikamooni wakubwa wote, na wengine habari za jioni. Kama tulivyokubaliana kwenye kikao cha ukoo, mwaka huu mchango wetu kwa watoto wa kituo hautakuwa mchele na sabuni peke yake, bali tutawashonea wanasesere kwa mikono yetu wenyewe. Mlezi wa kituo amenitumia orodha ya watoto pamoja na umri wao, na wadogo kabisa hawajafikisha miaka 3. Naomba tupange hapa namna ya kuwatengeneza, ili Jumamosi tukikutana kwa Bibi kule Bwiru tuanze kazi moja kwa moja.

Bibi (Bwiru): Marahaba, mwanangu. Orodha hiyo baki nayo wewe, usiiweke humu kikundini, kwa maana majina ya watoto wa watu si ya kusambazwa. Halafu nina ombi. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, bibi wengi wa huku kandokando ya Ziwa Victoria wamezika watoto wao wakabaki na wajukuu, na wajukuu hao hawakuwahi kupelekwa kituo chochote. Wapo mtaani kwangu hadi leo. Zawadi zikija huishia kwenye geti la kituo, na mtoto anayelelewa na bibi yake huonekana kama hana upungufu wowote. Naomba tushone na wa kwao.

Shangazi (Pasiansi): Nimekusikia, mama, na nakubali kabisa. Nipatie idadi yao nikija Ijumaa.

Dada Fundi (Mlango Mmoja): Shikamoo, Bibi, shikamoo, Shangazi. Mimi nitaleta vipande vya vitenge vinavyobaki kwangu na kwa mafundi wenzangu, vitatosha nguo za wote. Mwili tutaushona kwa kitambaa cha pamba cha rangi ya kahawia, tena naomba tununue kahawia ya aina mbili tatu, nyeusi zaidi na nyeupe kidogo, ili mtoto akimshika mwanasesere aone mtu anayefanana naye. Vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu kitenge kipya huchuja rangi, na rangi hiyo ikiingia kwenye uso wa mwanasesere haitoki.

Macho na mdomo tutatarizi kwa uzi. Mtu yeyote asije na vifungo wala shanga, hata kama vinapendeza, kwa kuwa mtoto wa umri ule hutia kila kitu mdomoni, na kifungo kikinasuka kinaweza kumkaba koo.

Mjomba (Ukerewe): Nawasalimu nyote kutoka kisiwani. Huku nyuzi za kushonea nyavu zipo za kutosha na ni imara sana. Je, niwaletee za kutengenezea nywele?

Dada Fundi (Mlango Mmoja): Ahsante sana, mjomba, lakini uzi wa nyavu ni mgumu na mtoto akijizungushia kidoleni utamkata. Tutatumia uzi wa kufumia masweta, mweusi, tukiushona kichwani mstari kwa mstari kama nywele zinavyoota, si fungu moja lililobandikwa utosini. Mwanasesere wa namna hiyo anasukika na kufumuliwa. Nilimshonea binti wa jirani mmoja, na kabla hajatazama hata gauni alimgeuza kisogo, akapitisha kidole kwenye mistari ya nywele, kisha akaniuliza kama anaruhusiwa kumsuka upya.

Mjomba (Ukerewe): Nimeelewa. Basi msiwasahau wavulana, maana nao wanahitaji kitu cha kulala nacho. Sisi tulijitengenezea watoto wa magunzi ya mahindi, wavulana kwa wasichana, na hakuna aliyetucheka.

Kaka (Igoma): Napendekeza tuwakabidhi tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, inayowakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Tuchapishe bango lenye jina la ukoo wetu, na kila mtoto apigwe picha akipokea zawadi yake, ili ndugu walioko mbali waone michango yao imefika.

Mwalimu (Nyegezi): Ndugu yangu, nia yako ni njema, ila picha siziungi mkono hata kidogo. Siku hiyo vituo hupokea wageni wengi, na mtoto hupangwa mstari asubuhi hadi jioni akiwatabasamia watu asiowajua. Mtoto wetu sisi hatungependa uyatima wake uwe picha kwenye simu za watu. Twende Jumapili ya kawaida, baada ya Shangazi kuonana na afisa ustawi wa jamii wa manispaa, na ndugu walioko mbali tuwatumie picha za wanasesere wakiwa mezani kabla ya kukabidhiwa.

Jambo la pili, kituoni vitu vya kuchezea huwa vya wote, hufungiwa kabatini na kutolewa kwa zamu. Tumwombe mlezi kwamba wanasesere hawa wawe mali ya mtoto mwenyewe, na tutarizi jina la kila mmoja kwenye unyayo wa mwanasesere wake.

Bibi (Bwiru): Hapo umesema. Kuhusu kujaza, mimi nina sufi ya mto, je, inafaa?

Dada Fundi (Mlango Mmoja): Kwa wakubwa inafaa, Bibi, ila tutashona kwanza mfuko wa ndani wa kitambaa cha marekani ili isipenye. Kwa wadogo tutumie pamba ya dukani ya kujazia mito, kwa sababu wanasesere wao watafuliwa mara kwa mara, na sufi ikilowa hugandamana. Shingo ishindiliwe vizuri kabla ya kiwiliwili, la sivyo kichwa kitalala upande ndani ya wiki moja. Mishono ya mabegani na mapajani irudiwe mara mbili, maana huko ndiko mtoto anakoshikia anapomburuta.

Kaka (Igoma): Nimekubali, Mwalimu. Fedha za bango nitanunulia pamba na uzi, na Jumamosi nitakuja na cherehani yangu kwa bajaji kabla ya saa tatu.