Gitaa limerudi kutoka kwa fundi likiwa na kovu kwenye vanishi: nimwachie alirekebishe mwenyewe?

Nyuzi Sita ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wenu kabla sijamjibu fundi wangu, ambaye anasubiri jibu kesho.

Nina gitaa la umeme aina ya Gibson SG, la miaka ya 1970, nililorithi kwa mjomba wangu. Nililipeleka kwenye karakana moja, ambayo jina lake naliacha, kwa kazi mbili tu: kusawazisha freti (vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) zilizokuwa zimelika, na kubadilisha kile kipande cha mfupa kinachopitisha nyuzi kati ya kichwa na shingo, kwa kuwa mifereji yake ilikuwa imechimbika hata uzi mwembamba ukawa unazizima kila ulipopigwa wazi. Kazi yenyewe, niseme haki, ni nzuri. Freti zimelingana, nyuzi zimekaa chini, na mkono unateleza kuliko wakati wowote tangu gitaa lije kwangu.

Tatizo ni vanishi. Pembeni mwa ule mfupa, upande wa uzi mnene, imebanduka kiasi cha punje ya mchele na mbao iko wazi. Nyuma ya shingo, karibu na hapo, kuna kovu lenye upana wa ukucha wa kidole gumba: inaonekana gundi ilitiririka, mtu akaifuta kwa kitambaa, na kitambaa kikaacha chapa ya mfumo wake juu ya vanishi kana kwamba ilikuwa nta. Kidole gumba kinalipapasa kovu hilo kila mkono unaposhuka kwenye freti za mwanzo.

Nililigundua nikiwa nimekwisha kulipa na kufika nyumbani, kwa sababu pale karakana nilishughulika kulipiga badala ya kulitazama. Niliporudi kesho yake, fundi alisema kwanza kwamba alama hizo alizikuta. Nilipomwonyesha kuwa mbao iliyo wazi bado ni safi kabisa, haijashika jasho wala uchafu wa mkono, alinyamaza kidogo, kisha akasema nimwachie gitaa kwa siku mbili aipige msasa shingo yote na kuipulizia vanishi mpya bila malipo.

Je, nikubali? Ninaweza kudai kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine kwa gharama yake? Na je, kule kulipa na kuondoka bila kusema neno kumenipotezea haki yangu? Sitaki ugomvi, maana fundi huyu ni mtu mzima na nimezoea kumwamkia kwa heshima. Lakini gitaa hili ndilo kumbukumbu pekee niliyobaki nayo ya mjomba.

---

Fundi Mstaafu amejibu:

Ndugu Nyuzi Sita, pole. Usimwachie gitaa kwa sasa, na wewe mwenyewe usilipake dawa yoyote ya kung'arisha, hasa zile zenye silikoni, kwa sababu mabaki yake huifanya vanishi mpya ikimbie na kuacha vishimo vya mviringo.

Nikueleze kilichotokea, kwa kuwa nimekifanya mwenyewe. Ndiyo, niliwahi kuharibu gitaa la mteja kwa namna hiyo hiyo, na ndiyo sababu nalijua kovu lako bila kuliona. Kwenye magitaa ya Gibson, laka, yaani hiyo vanishi yako, hupuliziwa baada ya ule mfupa kuwekwa, kwa hiyo utando wake hupanda juu ya kingo za mfupa na kuushika mfupa na mbao kama kitu kimoja. Fundi anayetaka kuung'oa mfupa lazima kwanza apitishe ncha ya kisu chenye makali kwenye mstari wa makutano ili autenganishe utando huo. Akiugonga bila kuukata, mfupa hutoka na kipande cha laka, na ndiyo ile punje yako ya mchele. Kazi ya kukata huchukua dakika moja au mbili, kwa hiyo sioni kisingizio.

Kovu la pili limetokana na gundi inayoshika papo hapo. Gitaa lako karibu hakika lina laka ya nitroselulosi, ambayo hukauka kwa kimiminika chake kuruka hewani, bila kugeuka kuwa kitu kingine, na kwa hiyo huweza kuyeyuka tena hata baada ya miaka hamsini. Gundi ile ikiwa bado mbichi huilainisha laka. Mtu akiogopa na kuifuta, ameivuruga laka iliyokwisha kuwa laini. Na akiongeza asetoni, kile kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha, ili aiondoe gundi, asetoni haitachagua, itakula gundi na laka kwa pamoja. Ilitakiwa aiache ikauke kabisa pale ilipodondokea, kisha aipare polepole kwa wembe uliozungushiwa utepe pande zote mbili ili makali ya katikati tu ndiyo yaguse.

Sasa uzuri wa jambo hili. Tabia hiyo hiyo iliyokuletea msiba ndiyo itakayokuokoa, kwa sababu laka mpya ya nitroselulosi ikidondoshewa juu ya ile ya zamani huiyeyusha kidogo na kuungana nayo. Gitaa lingekuwa na vanishi ya aina ya polyesta au poliurethani, ambazo zikishakauka haziyeyuki tena, kila tabaka lingebaki peke yake na mpaka wa kiraka ungeonekana. Kwako, fundi makini atatia tone dogo la laka iliyotiwa rangi kidogo ya kaharabu, kwa kuwa ya zamani imekwisha kuwa ya manjano, atasubiri ikauke na kunywea, ataongeza jingine, na atarudia hivyo mpaka pajae. Baadaye ataisawazisha kwa msasa wa maji wa namba 1000 kupanda hadi 2000, pale penye kiraka tu, na kuing'arisha. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, ingawa saa za mkono wenyewe ni chache.

Ndiyo maana zile siku mbili zinanitisha. Kuipiga msasa shingo yote ni kuondoa vanishi halisi pasipo na ubaya wowote, ili kuficha ubaya wa mahali padogo. Wanunuzi wa magitaa ya umri huo hulipa zaidi kwa vanishi ya kiwandani, hata iwe na makovu, kuliko kwa shingo inayong'aa iliyopakwa upya.

---

Karani wa Madai amejibu:

Mimi si fundi wa magitaa, na nimejifunza mengi kwa Fundi Mstaafu hapo juu. Nitagusa upande wa madai tu, ambao ndio ninaoufahamu.

Kulipa na kuondoka hakujakuua. Katika sheria za nchi nyingi, mtu anayepokea mali ya mwingine ili aitengeneze hubeba wajibu wa kuitunza kwa uangalifu unaotarajiwa kwa mtu wa kazi hiyo, na ikirudi na madhara ambayo haikuwa nayo, yeye ndiye hutakiwa kueleza yalivyotokea. Kinachoua madai ya namna hii ni ukimya. Kila siku inayopita gitaa likiwa nyumbani kwako inampa nafasi ya kusema kuwa kovu ulilipata wewe. Ulirudi kesho yake, jambo ambalo ni zuri sana, lakini mlizungumza kwa mdomo, na maneno ya mdomo hayana tarehe. Mwandikie leo.

Kabla ya kuandika, tafuta picha yoyote ya gitaa iliyopigwa kabla hujalipeleka, hata kama ni ya sherehe ambako shingo inaonekana pembeni tu, na uihifadhi faili lenyewe kutoka kwenye simu au kamera badala ya nakala iliyopita kwenye mitandao ya ujumbe, kwa kuwa nakala hizo mara nyingi hupoteza taarifa ya tarehe. Kisha piga picha za sasa ukiwa umeelekeza taa kutoka ubavuni, maana mwanga wa mbele kwa mbele hulificha bonde la kovu. Nimewahi kuona dai la meza ya kulia chakula likishindwa kwa sababu ya picha zilizopigwa kwa mwanga mbaya, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Barua yako iwe fupi na isiwe na tusi hata moja. Taja siku uliyompa gitaa, kazi mliyokubaliana, madhara uliyoyakuta na siku uliyomwonyesha. Sema wazi kwamba unamshukuru kwa kujitolea kupulizia upya, ila hukubaliani na njia hiyo, na kwamba unaomba alipie gharama ya fundi mwingine kwa mujibu wa makadirio ya maandishi utakayomletea. Mpe siku kumi na nne za kujibu. Sentensi ya shukrani usiiondoe kwa hasira: ofa yake ya kurekebisha bure, ikiwekwa kwenye maandishi naye asiikanushe, mahali pengine inaweza kuchukuliwa kama dalili ya ukiri.

Tazama pia nyuma ya stakabadhi yako. Ukikuta maneno ya kwamba mali inaachwa kwa dhamana ya mwenyewe, usikate tamaa, kwa sababu mahali pengi maneno ya namna hiyo hayamkingi mtu dhidi ya uzembe wake mwenyewe. Muulize kwa upole kama ana bima, na kama bima hiyo inahusu mali za wateja zilizo mikononi mwake, kwani bima nyingi za kawaida za biashara huziacha nje mali hizo bila mwenye karakana kujua.

---

Besi Nne amejibu:

Mtanisamehe, lakini mimi naona mnamtayarishia mzee wa watu kesi kwa kovu la ukubwa wa ukucha. Gitaa ni chombo cha kupigwa. Amefanya kazi ambayo mwenyewe umekiri ni nzuri, amekosea, na amejitolea kulipa kosa kwa mikono yake. Ukimletea barua yenye siku kumi na nne umempoteza, na mafundi wanaojua kusawazisha freti vizuri si wengi. Mimi ningeliacha kovu lilivyo, ningeomba nirudishiwe sehemu ya malipo, na ningeendelea kupiga.

---

Karani wa Madai amejibu:

Kurudishiwa sehemu ya malipo ni njia halali, Besi Nne, na pengine ndiyo ya haraka kuliko zote. Ila hata hiyo iandikwe. Na kiasi kipimwe kwa gharama ya kurekebisha, kwa sababu ada ya kazi ya freti inaweza kuwa ndogo kuliko uharibifu wenyewe.

---

Nyuzi Sita amejibu:

Nawashukuru nyote, pamoja na Besi Nne, ambaye maneno yake yalinifanya niiandike barua upya mara mbili ili isisomeke kama hati ya mashtaka. Kwa kweli mwishowe niliipeleka kwa mkono badala ya kuituma.

Nilipata picha moja ambayo binti yangu alinipiga mwezi mmoja kabla, nikiwa nimelishika gitaa shingo ikielekea kwenye kamera, na pembe ile ya mfupa inaonekana nzima. Nilimwekea fundi mezani bila kusema kitu. Aliitazama muda mrefu, akasema kuwa siku ile kazi ilifanywa na kijana anayejifunza kwake, na kwamba yeye mwenyewe hakulikagua gitaa kabla ya kunirudishia. Kuhusu fundi mwingine, hakubisha. Alisema tu kwamba angependa kumchagua kwa pamoja nami, nami nimekubali, mradi makadirio yaandikwe na yaje kwangu kwanza.

Nina swali moja la mwisho kwa Fundi Mstaafu. Huyo fundi wa pili tuliyemfikiria anasema anataka kwanza kuhakikisha kuwa ni nitroselulosi kwa kudondosha asetoni. Baada ya yote uliyosema, neno hilo limenitia hofu.

---

Fundi Mstaafu amejibu:

Usiogope, ila muulize anataka kuidondosha wapi. Akisema kwenye shingo, mtafute mwingine. Anayejua kazi atafungua kifuniko cha nyuma kinachofunika nyaya za sauti, na atagusa ukingo wa ndani wa tundu kwa pamba iliyolowa kidogo, mahali ambapo hapatazamwi na mtu. Laka ya nitroselulosi itanata mara moja, na polyesta haitashtuka.

Mwombe pia azime taa na akumulikie gitaa lote kwa taa ya urujuanimno kabla hajaanza. Laka ya zamani hutoa mwanga wa kijani cha manjano, na mahali palipowahi kupakwa upya huonekana kama doa jeusi. Mtajua mapema kama mjomba wako naye aliwahi kulitengenezesha, na hakuna atakayelaumiwa baadaye kwa doa la zamani.

Kiraka kikishawekwa, kwa wiki kadhaa usilifungie ndani ya sanduku, na kwenye kishikio cha mpira usilitundike kamwe. Mpira wa vishikio vingi huilainisha nitroselulosi hata iliyokomaa, na utakuja hapa tena na kovu jingine, safari hiyo bila mtu wa kumdai.