Siku nne Matema baada ya safari ndefu: tunaomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Mimi na mume wangu tumezunguka wiki tatu: Mwanza, Tabora, Mpanda, Sumbawanga, na sasa tupo Mbeya. Miguu imevimba kwa kukaa kwenye mabasi. Tunataka kulala, kuogelea na kula samaki, basi. Mlima hatutaki tena. Matema, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, itatufaa? Na kichocho je?

*Mkwe wa Kyela:*
Dada, nendeni. Mkiipita Tukuyu na migomba yake mnaanza kuteremka, na mtavua masweta wenyewe. Kyela mjini tafuteni gari la Matema linalopita Ipinda. Mimi na mke wangu tulifika pale tumechoka hivyohivyo. Tulikaa mchangani kutwa nzima, Milima ya Livingstone imeinama hadi majini, na usiku taa za wavuvi wa usipa zimejipanga ziwani kama mtaa. Hatukuongea sana. Tulikula wali wa Kyela kwa samaki mbasa, siku zote. Mkipata mtumbwi, fikeni Ikombe mwone akina mama wa Kikisi wakifinyanga vyungu.

*Nesi Rungwe:*
Kichocho kipo Ziwa Nyasa. Epukeni penye majani na maji yaliyotuama, ndiko konokono wake wanakokaa. Mkapime baada ya miezi miwili hivi hata kama hamuumwi, dawa ipo. Na midomo ya mito msiisogelee kabla ya kuwauliza wenyeji kuhusu mamba.

*Muulizaji:*
Asanteni sana. Mume wangu keshafunga begi, tunaondoka alfajiri.