Kibarua kikiota nyasi kwa watu wengi kwa mpigo, ni haki kumwita mtu mvivu?

Natafuta Riziki:
Wakuu habari zenu. Nina mwaka na miezi saba sina kazi, tulipunguzwa wengi siku moja na tangu hapo vyuma vimekaza kila upande. Miezi ya mwanzo nilikuwa naamka alfajiri, nasambaza barua za maombi, nagonga geti hadi geti, leo hii nakiri kuna siku naamka saa nne na sijui naamkia nini. Kaka yangu ndo anatulisha, mimi, mke wangu na watoto, na namshukuru sana, ila juzi kaniambia mbele ya wanangu kwamba kazi zipo ila mimi ni mvivu. Iliniuma mpaka leo. Naomba mnisaidie mambo mawili, kwanza kwa nini mwajiri mmoja mkubwa akifunga, kinyozi na fundi nguo na mwenye nyumba nao wanalia wakati wao hawakuachishwa? Pili, huu uzito wa kutotaka hata kutoka nje ni uvivu kweli?

Mzunguko:
Pole sana mkuu. La kwanza jibu lake ni mzunguko wa hela. Mshahara wako ulikuwa sio wako peke yako, ulikuwa unampa kinyozi, kinyozi anampa fundi, fundi analipa kodi ya nyumba, mwenye nyumba anaita mafundi wa kupaka rangi. Ukikatika kwako unakatika kwa wote hao, nao wakibana matumizi wanawaumiza wengine tena. Mchumi Richard Kahn wa Uingereza alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1931, kwamba ukimpa mtu mmoja kazi unazalisha na kazi nyingine nyuma yake, na kinyume chake ndo hiki unachokiona. Mwambie kaka yako kwamba Marekani mwaka 1933 karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye nguvu za kufanya kazi hakuwa na kazi. Robo nzima ya watu walipata uvivu kwa pamoja? Serikali yao ilipoanzisha mpango wa kazi za umma mwaka 1935, barabara, madaraja, majengo, mpaka unafungwa 1943 ulikuwa umeajiri watu kama milioni 8 na nusu. Watu ni wale wale, kilichobadilika ni kazi kuwepo.

Jembe Mkononi:
Mimi naomba nitofautiane kidogo na nisieleweke vibaya. Wapo wanaochagua kazi, nimeishi nao, mtu anakataa kibarua kwa sababu ana cheti. Hela ndogo ni bora kuliko kukaa bure.

Mzunguko:
Wapo sikatai, ila hao hawawezi kuwa ndo sababu ya mji mzima kusota. Halafu jua hata takwimu zinavyohesabu, kwa kipimo cha kimataifa ukifanya kibarua cha malipo hata saa moja tu kwenye wiki wanayoulizia, unaandikwa una kazi. Na aliyekata tamaa akaacha kutafuta haandikwi kabisa kwenye wasio na ajira. Kwa hiyo mleta mada akikata tamaa akapitisha mwezi mzima bila kutafuta, kwenye makaratasi ya wasio na ajira wala hayumo.

Dada Mshauri:
Nije kwenye swali la pili maana ndo linauma zaidi. Ndugu yangu hicho kitu kilishachunguzwa. Austria kulikuwa na kijiji kinaitwa Marienthal, karibu kila nyumba ilitegemea kiwanda kimoja cha nguo, kiwanda kikafa kati ya 1929 na 1930. Watafiti akina Marie Jahoda wakaenda kukaa nao. Ungedhani mtu akikosa kazi atasoma sana kwa sababu muda anao, lakini vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu nusu ndani ya miaka miwili, na ada walikuwa wameshaondolewa. Wakajificha sehemu na saa mkononi wakapima watu wanavyotembea barabarani, wanaume walikuwa wanatembea taratibu na kusimama simama, hawana wanakowahi. Wanawake walikuwa na mwendo zaidi, kwa sababu kupika, kufua na watoto havikuachishwa kazi. Yaani kazi ikiondoka haiondoki na mshahara tu, inaondoka na saa zako, na watu wa kukuuliza mbona umechelewa. Huo ndo uzito ulionao, sio tabia yako.

Natafuta Riziki:
Dada umenigusa pabaya. Ni kweli mke wangu hakai chini siku nzima, mimi nimekaa namwangalia na sikuwahi kuliona hivyo. Sasa nafanyaje wakati kazi yenyewe haijapatikana?

Dada Mshauri:
Anzia hapo hapo nyumbani. Chukua kazi mbili tatu za mkeo ziwe zako kabisa kwa saa maalumu, kupeleka watoto shule mfano, hiyo itakuamsha hata usipotaka. Kutafuta kazi kuwekee siku, tuseme tatu kwa wiki, siku hizo unatoka kweli, na zingine pumzisha akili, maana kukataliwa kila siku kunachosha kuliko kubeba zege. Pitia kwa wenzako mliopunguzwa pamoja, ajira nyingi zinasikika mdomoni kabla ya tangazo. Usilipe hela kwa yeyote anayesema atakupa kazi ukitanguliza ada, hao wanafuata watu wenye shida. Na usikope kulipa mkopo. Kuhusu kaka, mtafute mkiwa wawili tu, sio mbele ya watoto, umweleze unavyojisikia, inawezekana na yeye mzigo umemzidi na anaogopa kusema.

Jembe Mkononi:
Mkuu nirudi, hiyo ya Marienthal sikuwa naijua. Samahani kama nilikuumiza. Una fani gani? Andika hapa, kuna mtu anaweza kusikia kitu.

Natafuta Riziki:
Hakuna shida mkuu. Ni fundi umeme wa mitambo, miaka tisa, na pampu za maji nazijua vizuri.