Mteja msumbufu, mhudumu yuko peke yake kibandani: ana haki ya kumfungia dirisha?

Mleta mada
Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Kibanda cha miamala ya simu, Dar, mhudumu ni binti mmoja kuanzia asubuhi hadi saa mbili usiku. Kuna mteja anakuja kila siku kutoa elfu tano. Akishapokea hela haondoki. Anavuta kiti, anauliza umeolewa, unafunga saa ngapi, nani anakuja kukuchukua. Juzi binti akamwambia, "Kaka, kama huna muamala mwingine naomba upishe dirisha." Jamaa akagoma. Binti akafunga dirisha, akakaa ndani mpaka alipoondoka. Mwenye kibanda kamwamuru amwombe mteja radhi, na posho ya siku hiyo kaikata.

Mimi niko upande wa binti. Mtu anayekatwa makato ya kutoa elfu tano kila siku, wakati angetoa thelathini mara moja akamaliza wiki, hajafuata hela pale. Analipia nafasi ya kukaa. Halafu hilo la "unafunga saa ngapi" linaulizwa kwa mtu aliyekalia droo ya floti, hela za kufanyia miamala. Mtongozaji analiuliza, na jambazi naye analiuliza vilevile. Binti aliye peke yake hana pa kuwatofautishia, na sioni kwa nini alazimishwe kubahatisha ili bosi asipoteze wateja.

Mwenye vibanda
Nina vibanda vitatu, nijibu kama mmiliki. Wakala anakula kamisheni, na kamisheni ni miamala. M-Pesa ilipoingia nchini 2008 watu walikuwa wanamtafuta wakala kwa tochi. Leo ukifunga dirisha dakika kumi, mteja anavuka barabara tu. Jioni ndiyo saa yetu, watu wanatoka kazini. Utani wa mtaani upo toka zamani, dada anayejua kazi anacheka nao na kazi inaendelea.

Na kuna jambo hamlisemi. Nikimpa mhudumu mamlaka ya kuamua nani msumbufu, kesho atamfungia mama aliyekuja kulalamika hela yake haijafika. Huyo naye anapiga kelele, naye hataki kuondoka.

Wakala mwenzenu
Mimi mwanaume na ninasumbuliwa. Wangu hawanitongozi, wananikopa. "Niwekee elfu ishirini, jioni nakuletea." Ukikataa, ushakuwa una roho mbaya mtaa mzima. Kilichonisaidia ni karatasi aliyobandika bosi kwenye kioo: HATUKOPESHI. UKISHAHUDUMIWA TUNAOMBA UPISHE. Chini kaweka namba yake ya simu. Sasa nikikataa naonyesha kidole tu, ugomvi wenyewe waende nao kwake. Na benchi la nje tuliliondoa, maana ukiweka kiti umeshamkaribisha mtu.

Mchangiaji
Awaambie bodaboda wa kijiweni wamwangalizie. Kwisha habari.

Dada wa dirishani
Bodaboda wepi? Wa kwangu ndio wa kwanza kuuliza nani ananichukua.

Na hilo la "anayejua kazi anacheka nao" nalijua vizuri. Ukicheka, siku yakikukuta utaambiwa ulikuwa unamchekea. Usipocheka, una maringo. Bosi anataka nicheke kwa niaba yake, ila yeye saa mbili usiku hayupo pale.

Mkenya
Hapa kwetu sheria ipo lakini ikifika kibandani inaishia mlangoni. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, kwenye wanaoweza kukunyanyasa kijinsia inamtaja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenzako. Mteja hayumo. Na wajibu wa kuandika sera ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia unamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Kibanda chenye mtu mmoja kitaingia wapi hapo? Ule Mkataba wa 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, ndio uliotamka kwamba hata usumbufu wa mtu wa nje, kama mteja, uhesabiwe.

Msoma sheria
Kwa Tanzania tazama Kanuni ya Adhabu, kifungu 138D, kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Maneno peke yake yanaweza kuwa kosa, si lazima mtu akuguse, na haijalishi ni mteja au nani. Lakini tuseme kweli, nenda kituoni na "ameniuliza nafunga saa ngapi" uone utakavyoangaliwa. Sheria inakuja baada ya jambo kukua. Dirisha lipo sasa hivi.

Mleta mada
Mwenye vibanda, hoja yako ya mama mwenye malalamiko nimeipenda, ina uzito. Ila mbona huyo anajulikana? Ana meseji ya muamala mkononi, anataka jibu. Asikilizwe hata akipiga kelele saa nzima. Ninayemsema mimi ameshamalizana na dirisha. Weka mpaka hapo: hakuna muamala, hakuna swali la muamala, pisha. Useme wewe mwenye mali, kwa maandishi, siku unampa binti funguo. Ukimwachia autunge yeye mwenyewe mbele ya mwanaume aliyemwinamia dirishani, umemtupia kazi ambayo hukumlipa. Halafu akiifanya unamkata posho!

Mwenye vibanda
Kiti naondoa kesho. Karatasi nitabandika na namba yangu nitaweka, hilo wakala mwenzetu kanishawishi. Lakini dirisha lililofungwa saa kumi na mbili jioni mimi siwezi kulilipia, hapo mtanisamehe.

Dada wa dirishani
Sawa bosi. Nawe utusamehe ukikuta funguo kwa jirani katikati ya mwezi.