Mrejesho: Pilates baada ya upasuaji wa titi

Wapendwa, ni mimi wa Kampala niliyeuliza kama mtu aliyeondolewa titi na tezi za kwapani kwa sababu ya saratani anaweza kufanya Pilates, yale mazoezi ya taratibu ya kukaza misuli ya tumbo na mgongo kwa kufuata pumzi. Asanteni kwa majibu. Daktari aliruhusu kwa sharti: kidonda kipone kwanza, na mkono ukianza kuvimba niache, nimwone.

Nafanyia nyumbani. Studio zenye mashine ni ghali, na Joseph Pilates, mwanzilishi wake, aliikuza mbinu hiyo kwa mazoezi ya sakafuni akiwa kizuizini kwa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo mkeka unatosha. Nalala chali, magoti yamekunjwa, navuta pumzi mpaka mbavu zitanuke pembeni, nikiitoa nakaza tumbo taratibu. Kisha nashika mpini wa fagio kwa mikono miwili na kuupeleka nyuma ya kichwa. Zamani uliishia usawa wa macho. Sasa unagusa mkeka, na gomesi, lile gauni letu la Kiganda, naivaa bila kumwita binti yangu.

Hofu ya usiku wa kuamkia siku ya kliniki bado ipo, ila zile pumzi ndefu huniletea usingizi.

Aliyeandika kwamba Pilates inatibu saratani, ndugu yangu, haitibu. Vidonge vyangu vya kuzuia homoni nameza kila siku.