Naomba ushauri: kipandikizi cha jino kimetolewa, sasa naambiwa nipandikizwe mfupa kwanza

Mama Kibosho:
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu, naishi Moshi, na umri wangu umeshavuka miaka hamsini. Niling'olewa gego la chini upande wa kushoto, kisha nikawekewa kipandikizi, yaani kijiti kinachopachikwa ndani ya mfupa wa taya ili kishike jino la bandia, katika kliniki binafsi mjini Arusha. Nilikitafunia kwa miaka kadhaa bila shida, hadi mwaka jana fizi ilipoanza kutoka damu kila nilipopiga mswaki, ukafuata usaha wenye ladha mbaya, na mwishowe kikawa kinacheza. Daktari alikitoa bila kutumia nguvu.

Sasa naambiwa kuwa mfupa umelika na hautoshi kushika kingine, kwa hiyo nipandikizwe mfupa, nisubiri miezi minne hadi sita, ndipo niwekewe kipya. Daktari mwingine ananishauri daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani. Nina kisukari na ninatumia vidonge. Je, nirudie safari hii? Na huo mfupa hutoka wapi?

Tabibu wa Kinywa:
Pole sana, Mama. Ninatibu meno, lakini kwa kuwa sijakuona, yachukue haya kama maswali ya kumpelekea daktari wako.

Kabla ya kuzungumzia mfupa, muulize kwa nini kipandikizi cha kwanza kilishindwa. Kinachoshindwa katika miezi ya mwanzo mara nyingi huwa hakikuwahi kushikamana na taya. Chako kilishikamana, kikafanya kazi, kisha kikapoteza mfupa polepole, na dalili ulizozieleza ni za uambukizo wa fizi na mfupa unaokizunguka. Uambukizo huo huchochewa na uchafu unaoganda shingoni mwa kipandikizi, ugonjwa wa zamani wa fizi, sigara, sukari isiyodhibitiwa, na wakati mwingine gundi ya kubandikia taji (jino la bandia linalokaa juu ya kipandikizi) iliyobaki chini ya fizi pasipo mtu kuiona. Chanzo kikiachwa, kipya kitawekwa katika mazingira yale yale yaliyokiua cha kwanza. Vipandikizi vya kurudia hufaulu kwa wagonjwa wengi, ingawa kwa kiwango cha chini kidogo kuliko vya mara ya kwanza.

Pima ile sukari inayoonyesha wastani wa miezi mitatu, kwa sababu kipimo cha asubuhi moja hakitoshi. Mwambie daktari pia kama umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa kama alendroneti, kwani zinaweza kuzuia taya kupona. Kisha omba picha ya mionzi ya pande tatu, ambayo huonyesha upana wa mfupa uliobaki na umbali hadi kwenye mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Kuta za mfupa zikiwa bado zimesimama, mara nyingine kipandikizi na mfupa huwekwa siku moja. Urefu ukipungua kidogo, kipandikizi kifupi huweza kutosha.

Kuhusu asili yake, mfupa huweza kuchukuliwa nyuma ya taya lako mwenyewe, jambo linalokuongezea kidonda cha pili, au ukatoka kwa binadamu aliyejitolea, kwa ng'ombe, au ukatengenezwa kiwandani. Ule wa ng'ombe husafishwa hadi yakabaki madini tu, nao huwa kiunzi ambacho mfupa wako hukua juu yake.

Binti Majengo:
Shikamoo Mama. Ulizia na ule utando unaofunikia mfupa, kwa sababu baadhi yake hutengenezwa kwa nguruwe. Kwa sisi Waislamu, na kwa Wasabato pia, ni vema jambo hilo lijulikane kabla ya ganzi kuchomwa. Aina zitokanazo na ng'ombe zipo.

Mzee Tengeru:
Mimi nilipandikizwa mfupa. Ganzi ilipoisha maumivu yalivumilika, lakini shavu lilivimba kwa siku kadhaa na nikaishi kwa mtori uliopoa. Nilipokuwa nikisukutua zilitoka chembe nyeupe kama chumvi ya mawe, nikashtuka, kumbe chache zikitoka si hatari. Daktari alinikataza kuvuta kwa mrija na kugusa nyuzi kwa ulimi.

Babu wa Njiro:
Daraja halipaswi kudharauliwa, kwani ni la haraka na halihitaji mfupa. Tatizo ni kwamba meno mawili ya jirani huchongwa, na kama ni mazima, mimi ningesita. Kama tayari yana viraka vikubwa, ningelichagua bila kufikiri mara mbili. Vyovyote iwavyo, sisi tuliokunywa maji ya huku Maji ya Chai na Ngurdoto, yenye floraidi nyingi inayotia meno rangi, tumwambie fundi alinganishe rangi ya taji na meno yetu ya kahawia, la sivyo jino jipya hung'aa peke yake.

Mama Kibosho:
Nawashukuru wote. Meno yote mawili ya jirani ni mazima, kwa hiyo nitaanza na kipimo cha sukari pamoja na hiyo picha kabla ya kulipia chochote. Tabibu, katika miezi ya kusubiri naweza kuvaa jino la bandia la kuvua?

Tabibu wa Kinywa:
Waweza, mradi lisikandamize mahali palipopandikizwa, kwa kuwa mgandamizo husogeza chembe na kufungua kidonda. Kwa gego lisiloonekana unapocheka, wengi huacha pengo wazi hadi papone.