Nembo ya kina Rukia: gumzo la ukoo

Da Zuhura 19:02
Assalaam alaykum ukoo. Nembo ya jumuiya ya kina Rukia, wale watafiti wa akili mnemba, mwisho wa kuipeleka ni leo saa sita za usiku. Michoro ni miwili, A na B. Kila mtu aseme anayoitaka. Tuko 41 humu, nataka majibu 41.

Da Zuhura 19:03
📷 A
📷 B

Da Zuhura 19:31
Nimeangalia, waliosoma ni 26. Jibu hata moja.

Ami Hemed 19:40
Waalaykum salaam. Mnemba si kisiwa hicho? Kina Rukia wanatafiti samaki?

Khalid 19:41
😂😂😂 Ami, pale Matemwe tunakitazama kwa mbali tu, wanaoshukia ni wageni

Rukia 19:44
Shikamoo Ami. Si kisiwa. Ni kompyuta zinazojifunza, wengine husema akili unde au akili bandia. Sisi tunazifundisha kusikia Kiswahili, baadaye lahaja za Kimakunduchi na Kitumbatu inshallah.

Khalid 19:45
Kimakunduchi mashine itazima yenyewe 😂

Da Zuhura 19:46
Khalid. A au B.

Khalid 19:52
A ndiyo ile ya ubongo wenye nyaya?

Rukia 19:55
Ndiyo. Idrisa kaitoa kwenye programu inayochora picha yenyewe. Idrisa usinune, lakini ubongo wa buluu umeshachoka, kila anayetaja akili mnemba anauweka. Halafu picha hiyo haina mwenyewe. Mwaka 2023 mahakama ya Washington huko Marekani ilikataa haki miliki kwa picha iliyotengenezwa na mashine peke yake. Sisi tunaodai lugha zetu tuwe na mkono wetu ndani yake, tupeleke nembo isiyo na mkono wa mtu?

Idrisa 19:56
Mimi nilisaidia tu. Dakika mbili nilipata 12

Rukia 20:01
Najua mdogo wangu. Sasa B. Mtandao wa neva, unaoziwezesha kompyuta kujifunza, huchorwa nukta kwa safu, na mistari inaziunganisha. Nikalitazama bao, nikaona safu nne za mashimo, picha yenyewe hii hapa! Watafiti wa lugha za Afrika, Masakhane, jina wamelitoa kwenye Kizulu, maana yake tunajenga pamoja. Na sisi tutoe kwetu.

Khalid 20:09
B nzuri ila nasema kama mchapaji. Umetia rangi tano. Kwenye fulana kila rangi ina skrini yake ya kuchapia na kila skrini inalipiwa. Bakisha mbili. Na ipunguze iwe kama picha ya wasifu uone, hayo mashimo yanakuwa ukungu.

Rukia 20:11
Nimejaribu kwa pikseli 32. Kweli, ukungu mtupu 😔

Da Zuhura 20:12
Wengine?? Mwanahamisi? Fatma? Saidi nakuona uko hewani.

Shangazi Mwanakombo 20:20
Rukia mwanangu, hilo bao ulilolitazama ukachora liko wapi?

Rukia 20:22
Shikamoo shangazi. Ami Hemed alinitumia picha yake kutoka Muscat.

Shangazi Mwanakombo 20:23
Sisi tuliambiwa limeliwa na mchwa.

Khalid 20:24
Jamani mechi ya leo mnaiona?

Da Zuhura 20:25
Shangazi tafadhali, leo ni nembo. Hilo tulizungumze siku yake.

Shangazi Mwanakombo 20:26
Siku yake ni ipi? Tangu arobaini ya baba naambiwa siku yake.

Ami Hemed 20:41
Dada, nilikwambia mguu ndio ulioliwa na mchwa. Nikalipeleka kwa fundi.

Shangazi Mwanakombo 20:42
Muscat?

Da Zuhura 21:00
Naomba tupige kura. B mpaka sasa ina Khalid tu.

Nasra 21:18
Naandika mimi, Babu Faki anasema, nimwandikie kama alivyosema:
"Hemed na Mwanakombo, mimi bado ni hai. Bao hilo la kaka yangu nalijua, lina ufa karibu na shimo la nyumba, niliuweka mimi kwa kuliangusha. Maneno yenu njooni nayo barazani kwangu, si humu mbele ya watoto."

Nasra 21:21
Anaendelea:
"Rukia, umechora mashimo saba kila safu. Bao ni manane, jumla 32. Na nyumba umeifanya duara kama shimo lolote. Nyumba ni mraba, safu ya mbele, ya tano kutoka kushoto kwa mchezaji, na mchezo ukianza ina kete sita. Zamani nembo ilikuwa chale mwilini, mtu akichanjwa vibaya anazikwa nayo. Usipeleke hivyo."

Ami Hemed 21:24
Nimesikia ami. Nisameheni.

Rukia 21:30
Nimesikia Babu. Nafuta naanza upya.

Khalid 21:33
Hapo hapo Babu kamaliza shida ya ukungu. Rukia kwa picha ndogo weka nyumba peke yake, mraba na kete sita. Bao zima liwe la bango na fulana.

Rukia 21:34
😭😭 Khalid!! Na rangi ziwe ya mti na kijivu cha kete za komwe. Mbili tu.

Da Zuhura 21:36
Basi ni B. Na maandishi? "Akili mnemba" au "akili unde"? Wanajumuiya wenyewe wamegawana, na nembo haichukui yote.

Idrisa 21:50
Msiandike kitu, bao linatosha

Da Zuhura 21:51
Bila jina watajuaje ya nani?

Fatma 22:47
A nzuri

Da Zuhura 22:48
Fatma 🤦🏾‍♀️ Rukia, umetuma?

Rukia 23:38
Nimetuma ya mashimo 32 na ya nyumba. Pa jina nimepaacha wazi, nimewaomba mpaka Jumatatu. Hawajajibu.

Shangazi Mwanakombo 23:40
Hemed, unakuja lini?

Ami Hemed 23:52
Rajabu inshallah.

Nasra 23:55
Babu hajalala. Anauliza mzigo wa ndege kutoka Muscat unaruhusiwa kilo ngapi.